Mkandarasi wa Liverpool na Wingu la Andromeda

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1888, katika kijiji cha Maghull kaskazini mwa Liverpool, Isaac Roberts alilielekeza bamba la kioo lililopakwa chumvi za fedha kwenye sehemu moja ndogo ya anga, akaliacha hapo kwa saa nne. Hakuwa mwanaastronomia wa kulipwa. Alizaliwa Wales kwa mkulima, akaingia uanagenzi wa ujenzi mjini Liverpool akiwa na umri wa miaka 15, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akawa mkandarasi mwenye mali. Sasa alikuwa anakaribia miaka 60, na fedha alizozipata kwa matofali alizigeuza kuwa vioo na lenzi.

Alichokiwinda kilikuwa doa la nuru hafifu katika kundinyota la Andromeda. Watu walikuwa wakilijua doa hilo kwa zaidi ya miaka 900. Bamba lilipooshwa kwenye dawa, doa likatokea kwa sura ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona: sahani kubwa iliyolala ubavu, na mikanda ya nuru iliyojiviringisha kuzunguka kitovu king'avu, mkanda nyuma ya mkanda, kila mmoja ukitenganishwa na mwenzake kwa mfereji wa giza. Picha aliyoipiga Oktoba 1 mwaka huohuo ilikuwa imeshaanza kuonyesha mikanda hiyo. Hii ya Desemba ndiyo iliyoenea vitabuni, na hadi leo ukiitazama huhitaji kuambiwa ni nini: ni galaksi ya msokoto, jirani yetu mkubwa aliye karibu zaidi.

Kiswahili kina neno linalowafaa sana watu wa aina ya Roberts. Katika michezo tunasema mchezaji wa ridhaa, yaani anayeingia uwanjani kwa kupenda na si kwa mshahara. Historia ya Andromeda, kuanzia darubini kubwa za karne ya 19 hadi picha za juzi, imejaa wanaastronomia wa ridhaa. Wataalamu wenye ofisi na bajeti wana sehemu yao, tena kubwa. Lakini sura ya galaksi hii, yaani umbo tunaloliona akilini tukifumba macho mtu anapotaja neno galaksi, ilitoka kwenye ua wa nyumba ya mjenzi.

Maandishi ya kwanza yanayojulikana kuhusu doa hilo ni ya Abd al-Rahman al-Sufi, mtaalamu wa nyota wa Uajemi aliyefanya kazi Isfahan na Shiraz. Katika kitabu chake cha nyota zisizohama, cha mwaka 964 hivi, alitaja wingu dogo lililo mbele ya kinywa cha samaki mkubwa wa angani, akaliweka mchoroni kwa vitone. Msomaji wa pwani anaweza kulisogelea kundinyota hili bila mkalimani. Waarabu waliliita al-mar'a al-musalsala, mwanamke aliyefungwa minyororo, na katika Kiswahili limepata jina la Mara. Nyota yake ya pembeni, Alpheratz, ilitoka kwenye al-faras, neno lilelile lililotupa farasi.

Kisha yakaja machache sana kwa muda mrefu. Desemba 1612, Mjerumani Simon Marius aliligeuzia darubini, akaandika kwamba nuru yake ilifanana na mshumaa unaoonwa usiku kupitia pembe iliyochongwa ikawa nyembamba, kama zile za taa za zama zake. Ni maelezo bora kabisa, na mtu yeyote aliyewahi kuliona doa hilo kwa darubini ndogo atayatambua papo hapo. Mwaka 1764 Charles Messier wa Paris, mwindaji wa nyota zenye mkia, aliliandika kuwa namba 31 katika orodha yake ya vitu vinavyoweza kumdanganya mwindaji. Hadi leo wapenzi wa nyota huliita M31.

Neno msokoto liliingia angani mwaka 1845, kupitia mtu mwingine wa ridhaa. William Parsons, Bwana wa Rosse, alikuwa na kasri huko Birr, katikati ya Ireland, na alikusudia kutengeneza darubini kubwa kuliko zote duniani kwa mikono ya vibarua na mafundi wa mashamba yake mwenyewe. Hakukuwa na kiwanda cha kumuuzia kioo cha ukubwa huo. Ilimbidi ayeyushe shaba na bati kwa moto wa mboji iliyochimbwa kwenye vinamasi vya jirani, amimine mchanganyiko kwenye kalibu, kisha auache upoe kwa wiki nyingi ndani ya tanuri ili usipasuke. Kioo kilichotoka kilikuwa na kipenyo cha sentimita 183 na uzito wa takriban tani tatu. Mwanzi wa darubini, wenye urefu wa mita 17 hivi, ulining'inizwa kwa minyororo kati ya kuta mbili za mawe, mfano wa ngome isiyo na paa. Uliweza kupanda na kushuka vizuri, lakini kugeuka kushoto na kulia uligeuka kidogo tu, kwa hiyo nyota ilibidi ingojewe ipite mlangoni.

Aprili 1845 ndipo Bwana Rosse alipoiona M51, nebula ndogo, yaani doa la nuru kama wingu, karibu na mkia wa Dubu Mkubwa, ikiwa imejikunja kama maji yanayozunguka shimoni. Aliichora, na mchoro ukaonyeshwa Cambridge mwezi Juni. Miezi michache baadaye ugonjwa wa viazi uliingia Ireland, njaa kuu ikafuata, na kazi ya darubini ikasimama kwa sehemu kubwa huku mwenye kasri akishughulikia watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Alipoirudia baadaye alipata nebula nyingine zaidi ya kumi zenye msokoto.

Mkewe, Mary Rosse, anastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Mali yake ndiyo iliyogharimia sehemu kubwa ya shughuli hizo, na yeye mwenyewe alikuwa mpiga picha hodari katika miaka ya 1850, zama ambazo kupiga picha kulikuwa kazi ya kuchanganya kemikali kwa mkono. Chumba chake cha giza kimehifadhiwa Birr. Darubini kubwa kuliko zote na kamera vilikaa katika ua mmoja, ila bamba la wakati huo lilikuwa zito mno kupokea nuru. Lisingeweza kamwe kushika nebula.

Andromeda ilikataa kumwonyesha Bwana Rosse msokoto wake. Sababu ni mkao. M51 inatutazama uso kwa uso, na Andromeda imelala karibu ubavu, hivyo mikono yake inabanana na kupandana. Jambo la ajabu zaidi lilitokea Marekani. Mwaka 1847 George Bond, akitumia darubini mpya ya lenzi ya Harvard, aliona michirizi miwili ya giza ikipita upande mmoja wa doa, akaichora kama mistari miwili iliyonyooka karibu sambamba. Mchoro ule ulikuwa wa makini na wa kweli. Kila aliyetazama baada yake aliona mistari, akachora mistari. Kwa miaka 40 wasomi walijiuliza ni kitu gani angani kinachoweza kuwa na mifereji iliyonyooka namna hiyo.

Jicho lina udhaifu mmoja hapa. Halikusanyi nuru. Kila sehemu ndogo ya sekunde linaanza upya, kwa hiyo ukikodolea macho kitu hafifu kwa saa nzima hukioni vizuri zaidi ya ulivyokiona dakika ya kwanza, isipokuwa kwa ile nafuu ya macho kuzoea giza. Bamba la picha hufanya kinyume chake: nuru inayolifikia hujilimbikiza kadiri muda unavyokwenda. Mabamba ya mwanzo yalitakiwa yatumike yakiwa bado majimaji, ndani ya dakika chache, na hayakufaa kwa kazi ya usiku kucha. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Maddox, alieleza namna ya kutengeneza bamba kavu kwa kutumia gelatini badala ya kolodioni. Ufundi huo uliboreshwa kabla ya muongo kwisha, na sasa mtu aliweza kununua mabamba dukani, akayaweka kabatini, akalitumia moja kwa saa tatu au nne bila kukauka kuharibu kazi.

Mmoja wa walioonyesha nguvu ya bamba hilo alikuwa Andrew Common, mhandisi wa maji na usafi aliyeishi Ealing, magharibi mwa London. Picha yake ya nebula ya Orion ya mwaka 1883, iliyopigwa kwa darubini ya bustanini, ilitoa nyota ambazo hazikuwa zimeonekana kwa macho hata kupitia darubini. Shirika la Kifalme la Astronomia likampa nishani ya dhahabu mwaka uliofuata. Mhandisi wa mabomba alikuwa amewapita watazamaji wa kulipwa.

Roberts aliyafuatilia hayo kwa karibu. Mwaka 1885 alipokea kutoka karakana ya Howard Grubb, Dublin, darubini ya kioo chenye kipenyo cha sentimita 51. Alifunga darubini hiyo na nyingine ya lenzi, ya sentimita 18, kwenye mhimili mmoja. Mwanzoni alikusudia kupiga picha za anga lote la kaskazini, lakini mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1887 uliamua mataifa yagawane kazi hiyo, naye akaelekeza nguvu zake kwenye nebula na mafungu ya nyota. Uamuzi huo ndio uliompeleka Andromeda.

Inafaa kueleza saa nne zile zilikuwa na kazi gani, maana picha haionyeshi jasho. Dunia inazunguka, na katika saa nne anga husogea nyuzi 60, yaani theluthi mbili ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Darubini ilibidi igeuke kinyume cha Dunia kwa mwendo uleule, ikiendeshwa na mtambo wa saa uliovutwa na uzito unaoshuka taratibu. Hakuna mtambo wa zama zile uliokwenda sawasawa muda wote. Kwa hiyo, wakati kioo kikubwa kikilisha bamba, mtazamaji alikaa kwenye ile darubini ndogo, nyota moja ya kuongozea ikiwa imewekwa kwenye makutano ya nyuzi nyembamba, na kila ilipoanza kuteleza aliirudisha kwa mkono. Kosa la upana wa unywele lingeigeuza kila nyota kwenye bamba kuwa kistari. Ilikuwa Desemba, kwenye tambarare yenye unyevu karibu na Bahari ya Ireland, katika chumba ambacho hakiwezi kupashwa moto, kwa sababu hewa yenye joto ikipanda mbele ya darubini huifanya nyota itetemeke.

Matokeo yalipofika London, ile mistari miwili ya Bond ilieleweka mara moja. Haikuwa mistari. Ilikuwa vipande viwili vya mifereji mirefu iliyopinda, ikizunguka galaksi nzima, na jicho lilikuwa limeona ile sehemu tu iliyo na nuru ya kutosha nyuma yake.

Kuhusu maana ya alichokipiga picha, Roberts alikosea, na kosa lake lilikuwa na mantiki. Nadharia iliyotawala ilitoka kwa Laplace: jua na sayari zake vilizaliwa kutokana na wingu la gesi linalozunguka na kujikusanya, likiacha pete nyuma yake. Hapa palikuwa na wingu, kitovu na pete, na karibu nayo madoa mawili madogo kama sayari changa. Yeye na wengi wa wenzake waliamini wanatazama mfumo wa jua ukizaliwa. Leo tunajua kwamba yale madoa mawili ni galaksi ndogo zinazoizunguka Andromeda, M32 na nyingine iitwayo M110, kila moja na mamilioni kwa mamilioni ya nyota.

Mwaka 1890 alihamia Crowborough, juu ya kilima huko Sussex, akitafuta anga safi zaidi, na mwaka 1895 naye alipata nishani ya dhahabu. Katika safari ya meli ya kwenda Norway mwaka 1896, kuangalia kupatwa kwa jua ambako mawingu yaliwanyima, alikutana na Dorothea Klumpke, Mmarekani aliyefanya kazi katika kituo cha nyota cha Paris na mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa hisabati Sorbonne. Walioana mwaka 1901. Roberts alifariki mwaka 1904, na mjane wake akaendelea kuyashughulikia mabamba yake kwa miaka 25, hadi mwaka 1929 alipochapisha atlasi ya nebula walizozipiga Crowborough. Ni watafiti wachache walioacha kazi zao mikononi mwa mtu mwaminifu kiasi hicho.

Umbali ulibaki kitendawili. Agosti 1885 nyota mpya ilikuwa imelipuka ndani ya Andromeda, ikang'aa karibu kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Kama doa lile lingekuwa mbali nje ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, nyota hiyo moja ingebidi iwe na nguvu isiyosadikika, na hoja hiyo iliwafanya wengi waiweke Andromeda karibu. Hawakujua bado kuhusu supanova, milipuko ya nyota yenye nguvu za namna hiyo hasa.

Jibu lilikuja Oktoba 1923, kwa darubini ya sentimita 254 ya Mount Wilson, California. Edwin Hubble alitia alama ya N kwenye nyota aliyodhani imelipuka, kisha akailinganisha na mabamba ya zamani, akagundua kwamba inang'aa na kufifia kwa mpangilio. Akaikata ile N na kuandika VAR kwa alama ya mshangao. Ilikuwa nyota ya aina ya sefeidi, yenye mzunguko wa siku 31, na kwa kanuni ambayo Henrietta Leavitt wa Harvard aliichapisha mwaka 1912, mzunguko wa nyota ya aina hiyo hutoboa nguvu yake halisi, na nguvu hutoboa umbali. Hubble alipata karibu miaka 900,000 ya nuru. Hesabu za sasa zinafikia milioni 2.5. Kwa vyovyote Andromeda ilikuwa galaksi kamili, mbali kabisa na yetu.

Nyota ile, iitwayo V1, haikuachiwa wataalamu peke yao. Mwaka 2010 chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika, AAVSO, kiliombwa kifuatilie mzunguko wake ili darubini ya angani yenye jina la Hubble ijue lini iipige picha. Waangalizi wa ridhaa kutoka nchi mbalimbali waliipima kwa miezi kadhaa kutoka nyumbani kwao. Nyota hiyo ni hafifu kama mara 100,000 kuliko nyota hafifu kabisa inayoonekana kwa macho. Kilichohitaji mlima wa California mwaka 1923 sasa kilifanywa na mtu mwenye darubini ya bustanini na kipokezi cha kielektroniki badala ya bamba la kioo.

Lililo kubwa zaidi lilitokea mwaka 2022. Yann Sainty, Mfaransa wa ridhaa, alitumia usiku 22 karibu na mji wa Nancy akiipiga picha Andromeda kwa darubini ya lenzi yenye kipenyo cha sentimita 10.6 tu, na kuunganisha zaidi ya saa 100 za nuru. Aliweka kichujio kinachoruhusu nuru ya oksijeni iliyochajiwa umeme, rangi moja nyembamba ya kijani-bluu. Kando ya galaksi ikatokea tao kubwa la buluu ambalo halikuwemo katika picha yoyote. Kwanza ilibidi wahakikishe si mwako wa ndani ya lenzi. Sainty na wenzake wawili, Marcel Drechsler wa Ujerumani na Xavier Strottner wa Ufaransa, waliomba waangalizi wengine walipige picha kwa vifaa tofauti, na tao likatokea tena. Januari 2023 walilitangaza katika jarida la kitaaluma pamoja na wanasayansi wa vyuo vikuu.

Galaksi iliyopigwa picha kuliko karibu kila galaksi nyingine ilikuwa imeficha kitu kwa sababu rahisi. Darubini kubwa huona eneo dogo la anga kwa wakati mmoja, nalo tao hilo lina upana wa karibu miezi mipevu mitatu iliyopangwa mstari. Na hakuna kamati inayogawa muda wa darubini kubwa ambayo ingetoa saa 100 kwa kichujio kimoja ili kutafuta kitu ambacho hakuna anayekitarajia. Wataalamu wameendelea kujadili kama gesi ile iko huko Andromeda au iko ndani ya Njia Nyeupe, mbele yetu, ikiwa imepangana nayo kwa bahati.

Afrika Mashariki inaiona Andromeda upande wa kaskazini. Inapofika juu kabisa inakuwa nyuzi 47 juu ya upeo wa macho ukiwa Nairobi, na nyuzi 42 ukiwa Dar es Salaam. Katikati ya Novemba hufika hapo karibu saa tatu na nusu usiku, saa nzuri kwa familia nzima, ila ndio msimu wa mvua za vuli. Anayetaka anga kavu zaidi aamke katikati ya Septemba, karibu saa saba na nusu usiku. Vitabu vya Ulaya vinamwambia msomaji apande kutoka nyota ya Mirach. Huku kwetu, ukiwa umegeukia kaskazini, mambo yamepinduliwa: toka Alpheratz, kwenye kona ya mraba mkubwa wa Farasi, shuka kulia hadi Mirach, kisha teremka tena ukielekea kushoto kidogo, ukipita nyota mbili hafifu. Kwa darubini ya macho mawili, mbali na taa za mji, litatokea doa refu la kijivu, na mtu atamkumbuka Marius na pembe yake.

Anayetaka picha atahitaji kamera, lenzi ndefu, na mota ndogo ya kufuata anga. Nyota ya Kaskazini, inayowasaidia Wazungu kupanga mota zao, haionekani Nairobi wala Dar es Salaam, kwa hiyo mhimili hulazwa karibu sambamba na ardhi na kuelekezwa kwa dira. Picha fupifupi mia moja au mia mbili zikipangwa moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, ile mistari miwili ya giza aliyoichora Bond hujitokeza, imepinda.